Kuku Husomwa Mara Moja

Bi Rukia,

Shikamoo. Najua hutoniitikia, lakini siwezi kuanza na wewe bila ya kukuamkia, hata kwa kalamu. Kwa kalamu, angalau, neno linatoka zima. Ungekuwa hai tungesimama hapo sote wawili tukingoja niimalize hiyo shikamoo, nawe ungejifanya unatafuta kitu mkobani ili nisione kwamba unangoja.

Tangu ututoke, darasa lako nimepewa mimi. Skuli zilipofunguliwa mwalimu mkuu aliniita, akanambia, "Kazija, darasa la kwanza sasa ni lako. Mtu mwengine sina." Hakusema hivyo kunisifu. Unajua mwenyewe walimu wangapi waliondoka baada ya Mapinduzi, na sisi tuliomaliza skuli juzi tukapewa chaki kabla hatujajua kuishika. Wewe ndiye uliyenifunza kuishika. Wakati wote niliokuwa msaidizi wako nilichonga penseli, nikaandika ubaoni, nikawashika watoto vidole wakichora a na e hewani, nikahesabu nao vizibo vya soda. Kusema, ulisema wewe. Akija mgeni, ulinambia, "Kazija mwanangu, hebu nenda ofisini kaniletee chaki," na boksi la chaki limejaa tele mezani.

Nilishukuru. Wallahi nilishukuru.

Watoto wa mwaka huu hawakukujua. Wengine wanatoka humu humu Mji Mkongwe, wengine wanakuja kwa miguu kutoka Ng'ambo, na wote wanabanana kwenye yale madawati yako yanayoyumba. Asubuhi tunakagua kucha, tunaimba, tunahesabu komwe. Yuko mmoja anaitwa Time, baba yake anachoma mikate hapa Malindi. Ni mdogo kuliko wenzake, meno ya mbele hana, na kila swali mkono wake uko juu kabla sijamaliza kuuliza. Nawe unajua kumaliza kwangu kunavyochukua muda.

Silabi zilikwenda vizuri. Ka, ke, ki, ko, ku. Zile ni kama nyimbo, na katika nyimbo ulimi wangu haunisumbui. Tulipofika kwenye maneno ndipo uliponikwama. Nilichora kuku ubaoni, nikaandika jina lake chini, nikalionesha kwa kijiti, nikasema, "Ku... ku... ku... kuku."

Darasa zima likaitika: "Ku, ku, ku, kuku!"

Nilidhani wananicheka. Nikageuka uso unaniwaka, lakini hapakuwa na aliyecheka. Walikuwa wamenitolea macho, wanangoja neno jengine. Nikataka kuwaambia sivyo. "Si... si... sivyo."

"Si, si, sivyo!" wakaitika.

Hapo ndipo ningewaeleza, Bi Rukia. Sentensi moja tu. Sikuweza. Niliona haya mbele ya watoto ambao hata viatu hawajui kufunga. Nikajiambia majumbani kwao watasahihishwa. Nikafuta yule kuku, nikatafuta maneno yasiyonikwama: ua, wali, nazi. Lakini utasoma Kiswahili gani bila ya k, bila ya b? Maneno hayo yalirudi, na wao wakayasoma kama yalivyotoka kinywani mwangu. Kila siku nilisema kesho nitawaambia. Ilipofika kesho, niligeuka ubaoni nikaandika.

Akaja mkaguzi. Alikuwa mgeni, kahamia kutoka Pemba, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Aliingia na mwalimu mkuu, watoto wakasimama, wakamwamkia. Mie nikatazama mlango. Hapakuwa na wa kunituma chaki.

"Nani hapa anajua kusoma?" akauliza.

Time alinyoosha mikono yote miwili. Ubaoni palikuwa na sentensi, Kaka ana kuku. Akatoka mbele, akajiweka sawa, akainamisha kichwa upande, akafumba macho kidogo, na hapo nikamtambua: yule aliyesimama pale alikuwa mimi. Kumbe ndivyo ninavyofanya. Sijapata kujiona.

"Ka, ka, kaka ana ku, ku, ku, kuku."

Akafumbua macho, akamtazama mkaguzi, anangoja kusifiwa.

"Unamcheza shere mwalimu wako?" Mkaguzi akachukua rula mezani. "Lete mkono."

Time akautoa mkono. Hakujua ni wa nini, lakini akautoa, kiganja juu. Mie nikafungua mdomo. "B... b... b..." Hilo neno "bwana" halikutoka. Mwisho niliingia kati ya Time na mkaguzi, nikakifunika kile kiganja kwa mkono wangu.

Time akaanza kulia. "Ndivyo anavyosoma mwalimu! Ndivyo inavyosomwa!"

Mkaguzi alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akairudisha rula mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Aa," akasema.

Basi. Neno hilo tu. Bora angenigombeza. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama sakafu.

Sikwenda skuli siku iliyofuata, wala nyengine baada yake. Nilimwambia shangazi kichwa kinaniuma. Nilifikiri nirudi kwetu Uroa, nikakae na mama tusuke makuti, kazi isiyotaka maneno. Lakini nikaona nisiondoke kama mwizi. Nikaenda kwa mwalimu mkuu kumwomba anipe kazi ya ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, na ilichukua muda.

"Nikikuweka ofisini, nani asimame mle?" akasema. "Watoto wako wako peke yao tangu juzi. Yule mdogo asiye na meno ndiye anayewasomesha."

"A... anawasomesha nini?"

"Anachokijua."

Nikatoka. Sauti zao nilizisikia tangu ngazini: "Ku, ku, ku, kuku!" Time alikuwa juu ya kiti chako, kijiti mkononi, amefumba macho. Sikupata kuona aibu kama ile, si ya mkaguzi, si ya chuo cha Kurani nilipokuwa napigwa kwa kukwama kwenye sura fupi. Hizo nilionewa. Hii niliipanda mwenyewe.

Nilimteremsha. Ubaoni sikwenda. Nilivuta kiti mpaka mbele ya madawati, nikakaa, nikawatazama.

"Mimi nina ki... ki... kigugumizi," nikawaambia. "Neno linanikwama. Nyinyi halikukwamini. Msisome kama mimi. Someni lilivyoandikwa."

Mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, huuma?"

"Hakiumi."

"Basi kuku husomwa mara moja tu?" Huyo ni Time.

"Mara moja."

"Kuku," akasema. Akacheka. "Kuku! Kumbe rahisi!"

Wakasoma. Kuku, kaka, baba, kiti, kitabu. Kengele ya mapumziko ilipolia walikuwa wanasoma kama watoto wote. Nilichokificha muhula mzima kilichukua asubuhi moja, Bi Rukia, na bado sijui nijiweke wapi nikikumbuka.

Usidhani nimepona. Watoto wa darasa la tatu hunigeza uani, ku, ku, ku, nami hujifanya sikuwasikia. Mama yake Time alikuja kunitazama mlangoni bila ya kuingia, akamshika mwanawe mkono, akaondoka naye hana salamu. Sikumlaumu. Nikimwona mtu amevaa suti kama mkaguzi barabara ya skuli, navuka upande wa pili.

Na liko jengine, na nakuomba radhi kwa kulisema kwa mtu ambaye hawezi kunijibu. Ulinisitiri kwa mapenzi, najua. Lakini kila uliponituma chaki nilijifunza kwamba mimi ni kitu cha kufichwa. Ukafa nikiwa sijawahi kukwama mbele ya mtu nikabaki nimesimama. Nilikulilia sana siku ya maziko, na katikati ya kilio nilikukasirikia, nikaona haya kwamba nakukasirikia na maiti yako haijatoka ndani. Sasa nimeisema. Nisamehe, nami nimekusamehe.

Wiki ijayo tunaanza ng', ile ya ng'ombe. Wanaiogopa, wanaitoa puani kama wenye mafua. Nitasimama mbele yao, si ubaoni, niiseme kwa mdomo wangu. Ikinikwama, na ikwame, wanione. Wakitaka kungoja watangoja, wakitaka kucheka watacheka, lakini sitotoka chumbani. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na sijampa mtu mwengine.

Lala salama, mwalimu wangu. Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lako, alitie nuru.

Mimi mwanao,
Kazija