Kofia Isiyokuwa Kwenye Ngazi ya Tangi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Eldoret
Tarehe 16 Juni 1955, saa tatu na robo asubuhi

Jina: Phineas Kipkemboi arap Ngetich
Umri: Miaka sitini na miwili, kwa hesabu ya cheti cha ubatizo
Kazi: Msaidizi wa fundi katika karakana ya matangi ya maziwa
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana. Nilizaliwa upande wa Soy, mahali ambapo sasa pana shamba la mzungu. Tangu mwaka 1912 nimekaa kwa watu.

Nimesikia kwamba Fundi Walubengo yuko ndani kwa kosa la kumpiga msimamizi wetu, Bwana Thornley, bila sababu. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe.

Mnamo tarehe 14 Juni, siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, mimi na Walubengo tulianza kutoboa tangi la chuma kisichoshika kutu. Lilihitaji matundu matatu ya kuchomelea mabomba. Bati lake ni jembamba kama ukucha. Ukilikata bila kitu nyuma yake hupinda, na ukiliharakisha huwa gumu na kuvunja meno ya msumeno. Kwa hiyo Walubengo hutoboa kwanza kijitundu cha katikati, kisha huzungusha msumeno wa duara polepole, akitia mafuta. Mimi huwa ndani ya tangi nikikandamiza kibao cha mti dhidi ya bati. Ukingo lazima utoke laini, kwa sababu maziwa hujificha kwenye ufa na kuoza. Mama yangu alijua hayo kwa kibuyu chake kabla hatujaona tangi.

Tuna desturi moja. Anayeingia ndani hutundika kofia yake kwenye ngazi, ili kila mtu ajue tangi lina mtu.

Tulimaliza matundu mawili. Saa nne na dakika ishirini tulikuwa tumeanza la tatu, na kijitundu cha katikati kilikuwa tayari. Nilimsikia Bwana Thornley akiingia.

"Wewe! Saa sita lori nakuja. Kwa nini wewe nabembeleza hii chuma kama bibi yako?"

"Bwana, hata bibi ukimharakisha anakuwa mgumu," Walubengo akajibu. Nilicheka humo ndani, peke yangu.

Bwana Thornley hakucheka. "Maneno mingi. Leta moto. Mimi nachoma mwenyewe."

"Hapana, Bwana. Mzee yuko ndani."

"Kofia yake iko wapi? Mimi hapana ona kofia."

Kisha nikasikia gesi ikivuma. Nilipiga bati kwa ngumi, lakini mvumo ule ulinishinda. Kile kijitundu kiligeuka chekundu, kikawa cheupe, moto ukapenya. Nilikitupa kibao. Tone la chuma kilichoyeyuka liliangukia karibu na goti langu. Moshi ulinijaa kifuani, na mlango wa tangi ulikuwa juu, upande wa pili.

Walubengo akaita, "Zima, Bwana! Zima!" Nikasikia kishindo, na chombo cha chuma kikianguka sakafuni. Moto ukatoweka.

"Mzee, bado uko?"

"Niko," nikasema.

Nilipotoka, Bwana Thornley alikuwa amekwenda ofisini kupiga simu. Niliona matone ya damu sakafuni. Sikuona ngumi, sikuona kusukumwa. Siwezi kusema nisichokiona, hata kwa rafiki.

Naambiwa Bwana Thornley anasema tangi lilikuwa tupu, na kwamba mimi nilitoka uani baadaye nikamtungia Walubengo hadithi. Anasema hakukuwa na kofia kwenye ngazi. Hilo ni kweli. Gunia langu la kupigia magoti lilikuwa limelowa mafuta, nami nilichelea kukwaruza sakafu ya tangi. Nilivua kofia, nikaitandika chini, nikaipigia magoti. Mwaka wa saba huu nafanya kazi hiyo, na siku hiyo moja sikuitundika. Kosa la kofia ni langu. Walubengo asifungwe kwa ajili yake.

Kofia yenyewe hii hapa. Ina tundu, na tundu lake si safi kama yale ya Walubengo.

Sina zaidi ya hayo. Nimesomewa niliyoyasema, nami nayakubali mbele ya Mungu.

(Sahihi) P. K. arap Ngetich

Maandishi ya ofisa: Nimeyaandika haya kwa Kiswahili kama shahidi alivyoyatamka. Alikataa kuweka dole gumba, akaomba kalamu. Kofia ni ya feliti, rangi ya kahawia. Ndani ya tundu lake, ambalo kingo zake zimeungua, limeganda tone la chuma dogo kama punje ya mtama. Kofia imelowa, lakini tone halina kutu. Nimeipokea kama kielelezo, na nimetuma konstebo akalilinde tangi lisiguswe. Nilimweleza shahidi kwamba kofia haitarudi mpaka kesi iishe. Ameondoka saa nne na dakika tano, kichwa wazi, mvua ikinyesha.

Sajini W. Shitanda