Yule Baba Asinywe

Nyakarenzo, Rusizi
Tarehe 14 Mei

Mpendwa kaka yangu Néhémie,

Hamjambo huko Lubumbashi, wewe na Maman Véronique na batoto? Lile goti lako linaendeleaje? Mimi na shemeji yako Mukengere tunaamka, tunakwenda shambani, tunarudi. Mvua haijakatika bado na maharage yameanza kuoza.

Ujumbe wako kuhusu kitabu nimeupata. Umesema kitaanza kuchapwa mwisho wa mwezi huu. Ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa sababu jambo hili kwenye simu lilinishinda.

Tulikuambia binti yetu Reine alikufa kwa kuhara. Ni kweli, alifariki siku ya tatu, na miaka yake tisa. Hatukukuambia alikunywa nini.

Unajua alivyokipenda kitabu chako. Zile kurasa ulizotutumia kwa simu tulizichapisha kwenye karatasi kule Kamembe, akazishona kwa uzi, akawa anawasomea watoto wa majirani. Alijiona humo, na hakukosea, maana uliandika habari yetu: chemchemi yetu, kituo cha kuoshea kahawa kule juu, maganda na maji yake machafu yanayotushukia, Mukengere akibeba chupa za maji meusi kwenda kumwonyesha mwenye kituo. Mwisho ndio uliutunga. Kitabuni mwako mwenye kituo anajuta, anachimba mashimo ya kuzuia uchafu, maji yanatakata, na baba anakunywa wa kwanza mbele ya watu wote. Kwetu alichimba shimo moja, mvua ikalijaza, basi.

Jumapili moja mashine za kituo zilikuwa zimezimwa. Maji yalishuka meupe, unaona mpaka mawe, kumbe uchafu ungalimo. Reine akasema tumeshinda, akawaita wenzake chemchemini na kikombe kimoja. Wewe umekulia hapa, unajua mwenye nyumba huonja kinywaji kwanza ndipo ampe mgeni. Chloé wa jirani alinieleza maneno yake: “Mungoje kwanza, batoto. Mimi ndiye mwenye nyumba, nionje.” Akamaliza kikombe chote. Wenzake walikuwa bado wanagombania zamu nilipowaita waje kula.

Kaka, nimekukasirikia sana. Kuna siku nilishika kiberiti nizichome zile kurasa. Halafu najikasirikia mwenyewe, maana niliusoma ule mwisho nikafurahi, sikumwambia mtoto kwamba mjomba ameutunga. Kila Jumatatu Mukengere bado anapeleka chupa zake kwa mwenye kituo, wanampokea vizuri tu, wanampa kiti.

Sikuombi ukitupe kitabu. Watoto wa hapa watakisoma, na chemchemi ni ile ile, na Jumapili za maji meupe zipo. Uliomba ruhusa ya kuandika jina la Reine ukurasa wa kwanza. Liandike, ila kwa sharti moja: yule baba asinywe. Achote, atazame, amwage chini mbele ya watoto wote, kisha warudi nyumbani na kiu yao.

Nisalimie Maman Véronique na kijana wenu Christophe-Aimé. Mama Nyirabagenzi anawasalimu, naye macho yake hayaoni vizuri tena. Mungu awafunike nyote, na akupe nguvu ya kuliandika hili ninalokuomba.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata sasa,

Patricie