Jina la Mgongoni

Kariakoo, Dar es Salaam,
Jumapili mchana.

Mdogo wangu mpendwa Marcelino,

Pokea salamu kutoka kwa kaka yako, zikukute mzima wewe, shemeji Brightness na wanangu wote wawili. Mama anaendeleaje na ule mguu? Natumaini baridi ya huko Marangu haimsumbui sana, na kwamba amekubali kuvaa soksi nilizomtumia, maana najua anavyosema soksi ni za wagonjwa. Sisi huku hatujambo. Masika yametuachia matope mpaka mlangoni, lakini dada Caroline ni mzima na duka lake la mapazia linakwenda. Mimi nami ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti ndiyo yanayonisengenya.

Utashangaa kupata barua ya kalamu zama hizi. Ujumbe wako niliusoma siku ileile ulipoutuma, na leo ni wiki ya tatu. Ulinipigia mara nne sikupokea, kisha nikakuandikia kwamba niko kambini na timu. Sikuwa kambini. Nilikuwa dukani, nimekaa juu ya robota la vitambaa, naitazama simu inavyoita. Kila nilipotaka kukujibu niliandika mstari mmoja nikaufuta, basi nimeona nitumie kalamu, ambayo angalau ukifuta inaonekana kwamba umefuta.

Najua unachongoja. Umebeba mizigo ya watalii mlimani miaka kumi na mitatu, umesoma kozi ya uongozaji ukafaulu, na sasa kampuni imekuahidi kazi ya kiongozi kamili, mradi uwe na leseni kabla msimu haujaanza mwezi wa sita. Leseni inataka namba ya kitambulisho cha taifa, na kila ukienda kuomba unaambiwa maombi yako yamekwama. Ukaniomba mimi, kwa kuwa niko mjini na watu wananijua, niende nikaulize huku. Mwisho wa ujumbe ukaandika kwamba labda kosa ni lako mwenyewe, maana tangu utotoni wewe ni mtu wa kupoteza karatasi. Sentensi hiyo nimetembea nayo wiki tatu.

Nitakujibu, ila niache nikueleze kwanza habari za mpira wa kikapu, kama tulivyozoea.

Msimu wetu ulikwisha Jumamosi ya wiki iliyopita. Tulicheza mechi ya mwisho pale uwanja wa Upanga, alasiri, watu wamejaa hadi juu ya ukuta. Nilianzia benchi. Kocha anasema ananiweka pale ili niwatie moyo vijana, na mimi si mtoto, najua maana yake. Robo ya nne akaniingiza, na watu wakaanza kuimba Marce, Marce, kama kawaida yao. Zikiwa zimebaki sekunde tisa, tuko nyuma kwa pointi moja, nikachezewa faulo nikapewa mitupo miwili. Wa kwanza uliingia. Wa pili ukagonga ringi, ukazunguka, ukatoka. Kikapu hakina sare, kwa hiyo tukaongezewa dakika tano, na ndani ya dakika hizo vijana wa upande wa pili walitukimbiza mpaka nikatamani refa anitoe.

Zamani nikikosa mtupo wa namna ile nilikuwa sili siku mbili. Safari hii nilikaa kwenye benchi nikafungua viatu, na sikuhisi kitu chochote isipokuwa hamu ya kulala. Nimechoka, Marcelino. Nimechoka kuamka alfajiri kwenda mazoezini, kisha mchana kusimama dukani. Huko nyumbani mkisikia mchezaji wa kulipwa mnadhani naishi kwenye kiyoyozi. Dada Caroline hajawahi kununua ngazi tangu nilipofika hapa. Mteja kutoka Songea akitaka pazia la rafu ya juu, naitwa mimi, nanyoosha mkono, na mteja anaomba kupiga picha na mimi kabla hajaomba punguzo.

Watu wa redio huniuliza kikapu kimenifundisha nini. Nawajibu nidhamu, kujituma na kumtanguliza Mungu, kwa sababu ndivyo wanavyopenda kusikia. Ukweli ni kwamba kimenifundisha kuficha maumivu. Ukiteguka unatembea wima mpaka benchi, ili mpinzani asijue pa kukushambulia. Kocha wangu wa kwanza alitufanyisha zoezi hilo kabisa, kutembea wima ukiwa umeumia. Ukishazoea kuficha kifundo cha mguu, hakuna kitu usichoweza kuficha.

Siku mbili baada ya mechi, viongozi wa klabu waliniita. Walisema nicheze mwaka mmoja zaidi, kisha wataniaga kwa heshima na kunifanya kocha msaidizi. Walisema kwa miaka thelathini na minne mtu bado ana pumzi. Daktari wa timu alikuwepo, akanibonyeza goti, akasema haya si magoti ya miaka thelathini na minne, haya yana uzee wake. Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Wewe unajua nina thelathini na minane.

Na unajua pia mgongoni naandikwa jina lako. Nyumbani hadithi yake ni moja: kwamba nilipofika mjini nilikukumbuka mno nikaamua kucheza kwa jina la mdogo wangu. Mama ameisimulia mpaka kwenye jumuiya. Uliwahi kuniambia kwamba wapagazi wenzako wanakuita Mwenye Jina, na mechi ikionyeshwa kwenye simu unawaita wote waje waone. Sikuwahi kuitunga hadithi hiyo, lakini sikuwahi kuikanusha. Niliiacha ikue kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Jumatano nilikwenda Upanga nyumbani kwa Mzee Vasant, katibu wa klabu, mwenye mafaili yetu yote tangu enzi za karatasi za kaboni. Mkewe, Mama Champaben, alinikaribisha chai ya tangawizi. Nilikwenda kumwambia yeye kabla yako, na hilo nalo unisamehe. Nilitaka kwanza kujua kama maneno yanaweza kunitoka mdomoni. Yalitoka, kwa hiyo sasa nakuambia wewe.

Cheti chako cha kuzaliwa hukukipoteza. Nilikichukua mimi.

Ilikuwa ile Krismasi ulipokuwa kidato cha pili. Nilikuja nyumbani kama wote tunavyokuja, lakini huku nyuma nilikuwa nimechaguliwa kwenda Nairobi kwenye mashindano ya vijana chini ya miaka kumi na minane. Nilikuwa na ishirini. Kocha alituambia kila mtu alete cheti kinachofaa, akaishia hapo, nasi tukamwelewa. Mama alikuwa amekupa cheti chako ukakitoe kopi kwa ajili ya shule. Ulikiweka ndani ya daftari la Jiografia juu ya meza, ukaenda kukata majani ya ng'ombe. Nilifungua daftari, nikakitoa, nikakilaza chini ya kiatu ndani ya boksi langu. Haikuchukua hata dakika.

Ulipokikosa tukatafuta nyumba nzima. Nataka ujue kwamba nilitafuta pamoja nawe. Nilifunua godoro lako. Niliingia zizini. Niliinua majani makavu ya migomba shambani huku nikikuuliza, kwa sauti ya kaka mkubwa, kumbuka vizuri ulipita wapi. Mama alikuchapa na mwiko mbele yetu. Ulikuwa umeshamzidi urefu, ungeweza kuushika mkono wake, lakini ulisimama tu ukasema utakuwa mwangalifu zaidi. Ulikuwa unaomba radhi kwa kosa langu, nami nilikuwa nimesimama mlangoni.

Niliapa kukirudisha Pasaka. Baada ya Nairobi ikaja pasipoti, baada ya pasipoti ikaja klabu, na walipoanza kuandikisha vitambulisho vya taifa nilikuwa tayari mtu mwingine kwenye kila karatasi. Nikaenda nikajiandikisha kwa jina lako, tarehe yako na mwaka wako. Vidole vilivyoko kule chini ya jina lako ni hivi vinavyoandika barua hii. Hakuna kilichokwama, mdogo wangu. Unapoomba namba, wanaona umeshapewa.

Mengine unayajua kuliko mimi. Chuo cha utalii kilikuita wakataka cheti, na Mama akasema hawezi kuanza kuzungukia maofisi kwa uzembe wako, nafasi ikapita, ukaenda kubeba mizigo. Dada Caroline akakuita Bwana Karatasi, na jina likashika. Hata siku ya harusi yako padre alipotoa cheti cha ndoa, dada alimwambia shemeji akishike yeye, ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, Marcelino. Nilicheka hadi nikashika meza. Katika yote niliyoyafanya, kicheko kile ndicho ninachokionea haya zaidi.

Mzee Vasant alinisikiliza mpaka mwisho akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Nilitegemea atanifokea kwa ajili ya klabu. Akasema:

"Wengi hapa walipunguza miaka, kijana wangu. Wewe umechukua mtu mzima."

Kisha akaniuliza naitwa nani hasa. Nikamwambia Hillary. Akalitamka polepole, akaliandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja. Alinieleza bila kunificha kwamba huenda nikafungiwa, klabu ikanyang'anywa vikombe, na kwamba mambo ya kitambulisho si ya mpira, yanaweza kunifikisha mahakamani. Hakunibembeleza ninyamaze. Alisema tu atasubiri barua yangu kwa klabu, na kwamba angependa iwe fupi.

Mama Champaben alinisindikiza hadi barazani. Pale ana vyungu vya maua vimepangwa ukutani, na katika viwili ameotesha isale. Nilisimama nikashindwa kupita. Aliponiona nayatazama akasema, "Chukua, mwanangu, hayo ni majani tu." Yeye anayapenda kwa kijani chake. Hajui kwamba kwetu mtu akikukosea akakuletea jani la isale lililofungwa fundo, umekwisha, lazima usamehe, hata kama ni damu. Nilichuma moja. Nikalishika mkononi kutoka Upanga mpaka Msimbazi, nikapita nalo katikati ya mikokoteni na wamachinga, kila mtu ananisalimia kwa jina lako.

Nilifika nikalifunga fundo kama babu alivyokuwa akifunga. Limekaa mezani hapa siku nne likiningoja nimalize kuandika. Na leo nimeona nisilitie kwenye bahasha. Nikikuletea isale utanisamehe kwa sababu mila inakulazimisha, na Mama atakuwa pembeni kuhakikisha. Nimeshakuchukulia jina. Sitaki nikuchukulie na hasira. Kaa nayo kadiri unavyotaka, ni yako, na ukiona haiishi, isiishe.

Yaliyobaki ni ya kufanya. Humu ndani utakuta kiapo changu, kimegongwa muhuri na wakili wa hapa Lumumba, kinachosema kila kitu na kutaja jina langu. Kesho asubuhi naenda naye ofisi ya vitambulisho kuwakabidhi kadi, pasipoti na kile cheti chako, ambacho bado kina alama ya kiatu. Wakili anasema kiapo hiki kitakusaidia huko Moshi, lakini hawezi kuahidi kwamba leseni itawahi mwezi wa sita. Kwa hiyo kipeleke kwa bosi wako pia, kamwonyeshe. Usimwambie kwamba ulipoteza kitu. Mwambie uliibiwa, na mwizi ni kaka yako, na ameandika mwenyewe.

Barua hii usimsomee Mama. Wakiniacha huru wiki hii, nitakuja kumweleza mwenyewe, nikisimama palepale uliposimama wewe. Dada Caroline nimemwambia jana. Alifunga duka saa sita mchana, siku ya Jumamosi, jambo ambalo Kariakoo nzima itakusimulia.

Msalimie sana shemeji Brightness, umwambie nilimkosea naye. Wabusu watoto. Mpe Mama salamu za kawaida, mwambie magoti yake na yangu sasa ni rika moja. Majirani wakiuliza habari za mpira, waambie nimestaafu. Mungu akulinde huko juu mlimani, na akupe watalii wenye mizigo myepesi, utakayobebewa na wengine.

Wako,

Hillary

Uniwie radhi sahihi ilivyokaa vibaya. Nimeijaribu mara sita kwenye karatasi nyingine, lakini mkono bado unataka kuandika jina lako.