Waya wa Kahawia

Mtanda, Lindi
Jumapili

Kwako ndugu yangu Klementi, Milola,

Pokea salamu zangu, wewe na mama Romana na wote wanaolala chini ya paa lako. Natumai mihogo imeshika na kile kikohozi chako kimepungua. Mimi mzima kwa uwezo wa Mungu, goti tu ndilo linaleta ubishi, nami nalijibu kwa ubishi. Naandika kwa mkono wangu, usicheke herufi. Niliishia darasa la tatu, lakini humu Mtanda hata mwenye darasa la kumi na mbili akiingiwa na giza ananiita mimi.

Barua nampa Imani, yule mama anayeleta samaki wakavu huko kwenu. Simu nilikupigia mara moja juu ya Romana, na unajua nilichosema. Safari hii nataka maneno yakae mahali nisipoweza kuyarudisha.

Binti yako nilikwenda kumwona mahabusu siku ya Ijumaa. Amekonda. Kesi yake inatajwa Alhamisi. Aliniamkia shikamoo baba, kama siku zote, nikaitika marahaba, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula. Nikasema sijala, sijui kwa nini.

Nianze nyuma kidogo. Uliponiletea Romana na cheti chake cha chuo cha ufundi, nilimwambia cheti hakipandi ngazi. Akanijibu kwa adabu kwamba na ngazi nayo haikusoma, ndiyo maana huanguka na watu. Nilicheka siku nzima. Lakini mambo yake yalinichosha. Hagusi swichi mpaka azime meni swichi, atundike na karatasi pale asije mtu akawasha. Kisha apime nyaya zote kwa testa, kisha aipime na testa yenyewe kwenye soketi yenye umeme, asije akaamini testa mbovu. Mimi miaka arobaini napima kwa mgongo wa kidole. Nikamwambia testa ni fimbo ya kipofu.

Basi kinamama wakaanza kumtaka yeye kwa jina. Mmoja alinifungulia mlango akasema, mzee wewe kacheze bao, nitumie Romana. Hilo liliniuma, Klementi, sikukwambia.

Ndipo Mzee Yasini wa Rasbura, aliyekuwa mchuuzi wa samaki, akatuita. Alikuwa amejenga jiko jipya uwani kwa ajili ya mkwe wake Nasma. Tukafunga umeme siku mbili, nyumba kubwa na jiko, watu wakafurahi. Haikupita miezi minne, Nasma akafa kwenye jiko lile.

Mama mkwe wake, Bi Ziada, alikuwepo. Anasema Nasma alitaka kufuta masizi kwenye taa, na alizima swichi kwanza, taa ikazimika wote wakiona. Akapanda kigoda, miguu mitupu, sakafu imetoka kuoshwa, akashika kava la chuma la taa kwa kitambaa kibichi. Hakupiga kelele. Bi Ziada akadhani utani, maana wale wawili walikuwa wakitaniana sana, akamwambia shuka mwali, usinichezee. Kisha akaanguka. Ameacha mtoto anayetambaa.

Polisi wakauliza nani alifunga jiko. Romana akasema ni mzee huyu, mimi alinirudisha nyumbani siku ile. Wakacheka. Mmoja wao nyumba ya mama yake niliifunga mimi, akamwambia binti, huyu amewasha Mtanda kabla hujazaliwa. Wakanigeukia. Nikasema nyumba kubwa ni yangu, jiko la uwani ni la huyu. Romana akanitazama, akangoja. Mimi nikatazama bomba la maji. Jioni nikakupigia simu kwamba kazi ya mwanao imeua mtu. Uliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikakujibu mara mbili.

Sasa sikiliza. Jiko lile nililifunga mimi, peke yangu.

Romana aliniambia fimbo ya ethi haitaingia pale. Ni ile nondo ya shaba inayozikwa ardhini, umeme ukiasi ukimbilie huko, breka ikate, usimle mtu. Alisema chini ni mwamba wa matumbawe, tuihamishie upande wa kisimani kwenye udongo laini. Mzee Yasini alikuwa ameketi barazani, akacheka, akasema leo fundi anafundwa. Nikamfukuza Romana. Nikaigonga fimbo, ikaingia dhiraa moja ikagoma. Nikaikata kwa msumeno, nikafukia kisiki, nikasema imezama yote.

Zikaja nyaya. Mimi nililelewa na nyekundu kuwa waya wa moto, unaoleta umeme, na nyeusi kuwa nyutro, unaourudisha. Hizi za sasa ni kahawia na buluu. Wa kumuuliza ndiye niliyemfukuza. Nikajiambia kahawia ni nyeusi iliyopauka, basi buluu ndiyo moto. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, hata kidole hakikuwa na la kunijibu. Nikapitisha buluu kwenye swichi. Umeme uliporudi nikabonyeza, taa ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazimika. Mzee Yasini akanipigia makofi.

Kumbe moto wenyewe ni kahawia, nao ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye taa bila kupita kwenye swichi. Swichi ilizima mwanga tu. Joto la jiko na chumvi vikala ngozi ya waya mle ndani, moto ukagusa chuma, wala ardhi haikuupokea. Nasma hakukosea kitu. Alifanya kama Romana angefanya.

Na nilijua. Siku ya maziko niliingia jikoni na testa ya Romana, swichi ikiwa imezimwa, nikagusa kava. Ikawaka. Polisi waliponiuliza kesho yake, nilijua.

Tangu jiko lile nimefunga nyumba kumi na moja hivyo hivyo, peke yangu, bila kupima tena hata kwa kidole, maana taa iliwaka. Majina nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. La tisa ni lako, ile taa ya baraza lako. Zima meni swichi leo, mtu asiiguse mpaka Romana aifungue mwenyewe.

Kesho asubuhi nakwenda kituoni kusema. Nimewahi kukutambia kwamba siogopi kitu. Naogopa. Kwa hiyo njoo Lindi kabla ya Alhamisi. Ukimkuta bado yuko ndani, ujue miguu yangu ilirudi njiani. Usipite kwangu kuniuliza, nitapata la kusema, unanijua. Peleka barua hii mahakamani. Chini nimepiga dole gumba, asije mtu akasema niliandikiwa.

Msalimie mama Romana, kama atazipokea salamu zangu.

Ni mimi niliyekudanganya,
Pazi, fundi umeme wa Mtanda
(dole gumba la kulia)