Sigara Yako Niliimaliza Mimi

Mjomba, mwakeye.

Boti ya Mzee Kiza ilishuka majini jana, na haikuvuja. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ungenikatisha: "Acha salamu, inavuja haivuji?" Haivuji! Hata tone.

Ulituacha mbao za ubavuni hazijafika nusu. Mzee Kiza alikuja kutoka Mwamgongo kutupa pole, akalia sana, halafu akaniita pembeni. "Binti, malizia wewe. Ila sitaipokea bila ile sigara ya mjomba wako. Ikivuja naipeleka Kibirizi kwa fundi mwingine, tusilaumiane." Nilimwelewa. Angeipeleka, nani tena hapa Ujiji angeniletea mbao? Karakana yako ingekuwa banda la kuku.

Basi nikaziba maungio kama ulivyonifundisha, pamba na mawese, nasukumiza mpaka vidole vinakufa ganzi. Kila nilipotaka kulipua kazi nilikusikia: "Utakaa humo wewe mwenyewe, si mimi." Maana utaratibu wako ulikuwa mmoja tu. Aliyeziba ndiye anayekaa ndani peke yake boti ikiwa majini, anavuta ile sigara nene ya kahawia mpaka iishe, na hakuna kuchota maji yanayoingia. Mafundi wenzako walikucheka. Wateja hawakukucheka hata siku moja.

Mkeo alinikabidhi sigara aliyoikuta kwenye koti lako, zile za bei chee zenye harufu ya vanila. Akasema, "Mtoto wa kike na sigara mdomoni mbele za watu, makubwa! Haya, vuta, lakini usizoee."

Mjomba, mbona hukuniambia kwamba moshi wake haumezwi? Nilipoigusisha midomo, tamu! Kama nimelamba kashata. Nikasema moyoni, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii? Nikavuta mpaka kifuani. Weee! Nilikohoa boti ikayumba, machozi na kamasi vikanitoka pamoja. Wavuvi pale mwaloni walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akapiga kelele, "Itupe tu, dada!" Niitupe? Nikiitupa boti imekataliwa.

Nikaanza kuivuta harakaharaka ili iishe. Mzee Kiza akaninyooshea kidole kutoka ufukweni: "Usituibie muda!" Ikabidi nipunguze. Nikawa naushika moshi mdomoni, nauachia, kichwa kinazunguka, na macho yangu yako sakafuni kwenye kila ungio. Nilitamani sana uwepo. Nilitamani unitukane kidogo tu, Mjomba.

Niliiacha ilipoanza kuniunguza vidole.

Mzee Kiza akapanda na kanzu yake nyeupe. Akakaa kitako pale sakafuni, akajisugua huku na huko kama mtoto anayeanza kutambaa, akasimama, akawageuzia watu mgongo. Kanzu kavu, nyeupe pee! Mwalo mzima ukalipuka kwa vigelegele, na mkeo ndiye aliyewazidi wote.

Mzee akatoa simu akawapigia wanawe. "Leteni injini. Fundi amemaliza."

Mimi nikageuka nyuma kukutafuta wewe. Ndipo nikaelewa kwamba anayesemwa ni mimi.

Najivunia, sitakuficha. Naitazama mikono yangu tangu jana kama ya mtu mwingine, halafu nakumbuka ni wewe uliyeifundisha, najivunia zaidi. Nilitapika baadaye, nyuma ya mbao. Usimwambie mtu.

Pumzika sasa, Mjomba wangu. Nakuahidi hakuna boti itakayotoka kwenye karakana yetu kabla sijakaa ndani yake peke yangu mpaka sigara iishe, hata kama nitatapika kila mara.

Mpwa wako,
Fundi Zuhura