Fundo la Tano

Alhamisi, 5 Novemba 2009

Suruali kumi na moja za kupinda leo. Bosi kaenda kwa daktari wa meno saa nane, kaniachia duka. Watu wa mtaa huu wa Vällingby wamenunua nguo za baridi, na zote ndefu.

Mwezi unapungua. Wakati wa kuondoa vitu. Nimetunga tungo dogo la kuondoa maumivu ya mgongo: uzi mweusi, chumvi kidogo, mistari minne. Nayaita tungo tu. Neno lile jingine, uchawi, silitumii, si sawa hata kidogo.

Anneli anasema tungo ukiliunda mwenyewe lina nguvu kuliko la kunakili kitabuni. Yeye ndiye aliyeniingiza. Mwaka juzi alileta joho la kijani lipindwe, nikamuuliza ni la harusi? Akajibu bila aibu, mimi ni Wicca. Nilidhani ni kabila, kumbe ni dini ya Wazungu ya mwezi na mishumaa. Kanuni yao kubwa ni moja: usimdhuru yeyote, maana unachotuma kinakurudia mara tatu. Na andika kwa lugha unayoota nayo. Basi naandika Kiswahili, mizani nane nane, kama alivyotufundisha mwalimu wa kidato cha pili. Wenzangu wanawasha mishumaa. Mimi nashona. Kila mtu na kazi yake.

Treni kutoka hapa hadi nyumbani Hagsätra, mwisho wa reli. Mama kapika githeri, mahindi na maharage. Anaishi nami mwaka wa tatu sasa na hajui kitu.

Jumatatu, 9 Novemba

Anajua.

Alikuwa akitafuta blanketi kabatini. Akakuta rafu yangu: mshumaa, bakuli la chumvi, kisu cha mpini mweusi, daftari. Niliporudi kazini vyote vilikuwa mezani, vimepangwa kama ushahidi.

Nikamwambia ni dini, Mama, tena hapa haikatazwi. Akasema, "Nimetoka Machakos kuja kulala nyumba moja na mchawi?" Halafu: "Jumapili nitasimama mbele ya watu." Akaingia chumbani kwake.

Atasimama kweli. Namjua. Na watu wenyewe ni wale wa ibada yetu ya Kiswahili mtaa wa Rågsved, Wakenya, Warundi, Wakongo, ndio ndugu zangu wote niliobaki nao nchi hii tangu talaka. Naenda kila Jumapili, sisali, lakini naenda. Nilishuhudia walivyomfanya yule dada wa Kongo kwa hirizi moja tu ya shingoni. Miezi mitatu hakuna aliyekaa naye benchi moja. Mwishowe alihamia Göteborg.

Sitaki kuhama. Sitaki kukaa benchi peke yangu. Naogopa, na nimekasirika.

Jumatano, 11 Novemba

Mama hali nami. Siku ya tatu hii. Anakunywa maji, anashika Biblia yake, ananipita kama mimi ni kiti. Amenuna. Anune.

Nimetunga wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya mashine. Mistari mitatu ilikuja yenyewe. Wa nne ndio umenitesa. Niliandika "asitoe siri yangu". Mizani nane, sawa kabisa, lakini kina kinavunjika. Mitatu ya juu inaishia "no". Nimezunguka nao saa nzima. Mwisho nikapata:

Kinywa hiki kwa mishono
nakiziba kwa sindano,
natia fundo la tano,
asiseme tena neno.

Safi. Mwalimu wangu angenipa tisa juu ya kumi.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimefanya. Alfajiri, kabla ya kazi. Kitambaa cha sufu nyekundu, nimekikata umbo la mdomo, nikaushona ukafunga, mishono ya karibu karibu, mafundo matano. Uzi niliulowesha kwa mate ili upenye tundu la sindano, kama kawaida ya fundi. Anneli anasema mate yana nguvu, yanambeba mtu mwenyewe. Nikakumbuka siku naondoka Kenya, Mama alinitemea mate viganjani kunibariki, kizamani, pale uwanja wa ndege, watu wote wakiangalia. Nilienda chooni nikanawa kwa sabuni.

Nimekizika msituni nyuma ya nyumba, chini ya mti wa gome jeupe wenye shina mapacha. Udongo ulikuwa laini, nimechimba kwa mkono.

Kanuni naijua. Sikumwambia Anneli. Ni Jumapili moja tu, akae kimya.

Nafsi yangu imetulia. Nimeshona zipu sita bila kosa.

Jumamosi, 14 Novemba

Mama ameanguka jikoni. Saa tatu asubuhi. Mdomo umepinda upande. Namwita, ananitazama, midomo inacheza, hakuna kitu kinachotoka.

Jumatatu, 16 Novemba

Kiharusi. Mkono wa kulia na usemi. Daktari, kijana, amenichorea ubongo kwenye karatasi. Anasema Mama anaelewa kila kitu, ni maneno tu hayapati njia. Anasema ni presha ya miaka mingi.

Jana ilikuwa Jumapili. Hakusimama.

Nilichoomba ndicho nilichopewa. Andika hivyo hivyo, Mwende, usizunguke.

Alhamisi, 19 Novemba

Nimefungua daftari. "Asitoe siri yangu" nimeikata kwa mstari mmoja, bado inasomeka. Chini yake ile nyingine.

Tena neno. Neno lolote. Kwa ajili ya kina! Nilimnyima mama yangu usemi ili shairi lipendeze.



Jumapili, 29 Novemba

Nimemwambia Anneli. Alinishika mkono, akanimiminia chai ya majani yake. Akasema tungo haliwezi kumpasua mtu mshipa, huo ni ugonjwa, usijibebeshe.

Nikamuuliza, mshumaa wako ulipokupatia kazi ya bustani, wewe ulisema ni nini? Akaniongezea chai. Ala! Likifanikiwa ni nguvu yetu, likiharibu ni presha? Nilisimama nikavaa koti.

Mlangoni alinionya: usikifukue. Kilichozikwa kiachie ardhi, ukikifukua unakiamsha. Nikamsikiliza, maana naogopa hata kivuli changu.

Na lile neno nilisema si sawa hata kidogo. Kwetu mtu anayeshona mdomo wa mwenzake anaitwa nani? Jina ni moja. Kumbe Mama aliniita jina langu.

Jumapili, 20 Desemba

Mama Espérance alikuja wodini. Mke wa mchungaji, Mrundi, mpole. Alileta maharage na ndizi, akamlisha Mama kijiko kwa kijiko. Halafu tukakaa nje kwenye viti.

Akasema, "Dada, mama yako ana roho kubwa. Ile wiki aliyoanguka alinipigia simu Jumatatu, akaniambia anaingia kwenye mfungo mpaka Jumapili, kwa ajili ya mtoto wake. Namuuliza, kuna shida gani? Akasema, ya nyumba yangu hayatoki nje, we niombee tu."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Hakuwa amenuna. Alikuwa amefunga. Kwa ajili yangu, siku tano bila chakula, akiwa na miaka sabini na moja.

Nimerudi nyumbani nikakagua vidonge vyake vya presha. Vimepangwa kwa siku. Kuanzia Jumatatu ile hakugusa hata kimoja. Kwenye kasha nilimwandikia mwenyewe, kwa kalamu nyekundu: baada ya kula.

Hasira yake iliisha siku ile ile. Yangu ndiyo ilienda kununua kitambaa.

Jumatatu, 21 Desemba

Sitaki tena kumsikiliza Anneli. Nimeomba ruhusa kazini, nimeenda msituni mchana. Theluji hadi magotini. Mti niliupata. Chini ya theluji ardhi ni jiwe. Kijembe cha bustani kimepinda. Nimerudi nyumbani, nimechemsha maji, nimejaza themosi mbili, nimemwaga. Yakaganda nikiyaangalia. Mzee mmoja mwenye mbwa aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 16 Januari 2010

Mama yuko nyumbani. Anatembea na mkongojo wa miguu minne. Maneno matatu: la, chai, kesho. Kila kitu ni kesho. Akitaka choo, kesho. Akiona simwelewi analia, na mimi naenda kuosha vyombo vilivyo safi.

Jumanne, 26 Januari

Mwalimu wa kusema alikuja, anayetumwa na hospitali kumfundisha Mama kuongea upya. Akauliza Mama alikuwa akiimba? Nikacheka. Miaka arobaini kwenye kwaya! Akasema imba naye, kuimba kuna mlango wake ubongoni, wakati mwingine maneno hupitia huko. Kila siku, usiruke.

Aliniangalia nianze. Mimi. Sijafungua mdomo kuimba wimbo wa kanisani miaka miwili, huwa nachezesha midomo tu. Nikaanza ule anaoupenda. Ubeti wa kwanza peke yangu, sauti inakwaruza. Kwenye kiitikio Mama akaingia.

Kwa maneno. Yote, yamenyooka, sauti ya pili kama zamani. Wimbo ulipoisha alijaribu kuongea na kikatoka "kesho".

Nililia mbele ya yule Mswidi. Naye akachukua leso, akanipangusia meza nilipodondoshea machozi.

Jumapili, 14 Februari

Tunaimba asubuhi kabla sijatoka na jioni nikirudi. Nyimbo nne. Jana kati ya nyimbo alisema "maji moto". Nje ya wimbo!

Nimejaribu kutunga tungo la kufungua kinywa chake. Nimeandika mistari miwili, nikaona natafuta kina. Nimechana karatasi. Sijiamini na neno hata moja.

Ijumaa, 5 Machi

Theluji. Bado.

Jumamosi, 10 Aprili

Ardhi imelegea. Nimekipata kile kitambaa, kina cha mkono.

Nilitegemea kimeoza. La. Sufu imeingia matope tu. Mishono mizima, fundo kwa fundo. Nimeshona vizuri mno, shenzi mimi.

Nilitaka kukifumua pale pale msituni na yaishe. Nimeshindwa. Kukifumua kwa siri ni kama kukishona kwa siri. Nimekileta nyumbani, nimekiweka mezani mbele ya Mama. Nimemwambia yote, tangu joho la kijani. Kina, mizani, mti, vidonge. Sikujitetea.

Alikichukua kwa mkono wa kushoto. Akakisogeza dirishani. Akapitisha kidole gumba juu ya mishono, taratibu, moja moja. Mshono ule alinifundisha yeye, nikiwa na miaka tisa, tukishona mashuka ya hospitali ya misheni. Aliutambua. Niliona kabisa alipoutambua.

Akasema, "La."

Akakiweka mfukoni mwa sweta yake. Akageuza kiti kikaangalia ukuta.

Jumatano, 14 Aprili

Haimbi. Naanza wimbo, anafumba macho. Asubuhi, jioni. Siku ya nne. Chakula anakula na vidonge nampa, anameza. Lakini haimbi.

Mwalimu wa kusema amesema asiruke hata siku moja. Nimpigie nimwambie nini? Safari hii sikuhitaji sindano. Nimemziba kwa ukweli.

Naimba peke yangu jikoni, kwa sauti, mlango wazi, nyimbo zote nne. Jirani wa juu amegonga sakafu. Agonge.

Jumamosi, 17 Aprili

Mama Espérance kapiga simu, anauliza kama kesho nitamleta mgonjwa. Nikamwambia kuna jambo nataka kumweleza yeye na mchungaji, la kwangu, nilisimamie mwenyewe. Mama alikuwa mlangoni na mkongojo wake. Alisikia. Alinyoosha ule mkono wa kushoto, akakata simu.

"Nyumba," akasema. Neno jipya. Akahangaika, shingo imekaza mishipa. "Yangu."

Ya nyumba yangu hayatoki nje. Nilimaliza mimi kichwani mwangu.

Jumapili, 18 Aprili

Hatukwenda ibada. Jua zuri, dirisha wazi mara ya kwanza mwaka huu.

Baada ya chai Mama aliniita kwa kugonga kikombe. Kile kitambaa kilikuwa magotini pake. Alikuwa amefumua mafundo manne mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno, sijui ilimchukua siku ngapi. Nyuzi amezipanga juu ya sahani. La tano lilimshinda. Akanishikia sufu, nikalifumua kwa ncha ya sindano. Kazi ya dakika moja.

Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu. Kisha wa kushoto. Nilidhani anatafuta alama. Akainama akatema mate, kidogo, hapa, na hapa, kama ile siku ya uwanja wa ndege. Huyu aliyeokoka miaka arobaini. Akakunja vidole vyangu kimoja kimoja mpaka ngumi zikafunga.

Baadaye kidogo akaanza wimbo yeye mwenyewe, nami nikaingia kwenye kiitikio.

Vyombo vya asubuhi bado viko kwenye sinki. Sijanawa.