Kitabu cha Vipeuo Kilichobaki Izigo

Jumamosi jioni, Bukoba

Nimerudi mikono mitupu. Vitabu vyote vya marehemu Baba, vya historia ya hesabu za kukadiria na mbinu zake, viko Izigo kwa kaka, kwa sababu ukoo ulimpa nyumba na kila kilichomo. Mimi binti, ninayefundisha hesabu hizo hizo, nilipewa mikeka miwili.

Leo niliomba kimoja tu, kile cha namna watu wa kale walivyotafuta kipeuo cha pili: unakisia, unagawanya, unachukua wastani, unarudia mpaka namba itulie. Baba alinifundisha hivyo tukichambua kahawa. Kaka hajawahi kukisoma. Amekiweka chini ya redio ili isiyumbe.

“Ni mali ya nyumba, dada yangu,” alisema. “Vikianza kutoka kimoja kimoja, nitabaki mrithi wa nini?”

Nikakichomoa, nikafungua ukurasa ambapo Baba alijaribu hesabu kwa kalamu akakosea hatua ya tatu. Pembeni kuna masahihisho ya penseli. Nikamwambia huo ni mwandiko wangu, nilikuwa darasa la sita.

Akautazama, akakirudisha kitabu chini ya redio.

“Hata mwandiko huo ni wa nyumba hii.”